Njia Ni Ile Ile, Tubadilishe Mwendo

(Haya ni maneno yaliyosemwa na kamati yetu ya afya mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikuweza kufika navyo viyasome katika mikutano yao.)



  Maneno ya leo yanamhusu kila mwenye miguu miwili, awe wa kanisani au wa msikitini.

Kwanza twauliza swali. Ni nani kati yetu leo amekuja kwa miguu, japo nusu ya njia? Inueni mikono. Ehe, karibu wote. Wako waliotoka Mtongwe na Shika Adabu, wako waliotoka Mlaleo na Mishomoroni, na wale wa Chaani twawajua: nauli ikipanda shilingi kumi tu, wao washaanza kutembea.

Sasa swali la pili. Ni nani anameza dawa za presha, au nyumbani kwake yuko anayezimeza? Haya, tazameni wenyewe. Mikono ni mingi vilevile.

Hapo ndipo penye kitendawili. Redioni na hospitalini twaambiwa tutembee, tutembee, ndiyo dawa ya moyo. Nasi twatembea kuliko hao wanaotuambia! Mbona basi presha haitutoki, na mbona tukipanda kilima kidogo twahema kama tuliobeba gunia la saruji?

Jambo hili si la mzaha. Wizara ya Afya na wenzake walipopima watu wazima kote nchini mwaka 2015, walikuta karibu mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa maishani mwao. Na sisi tumeyaona wenyewe. Katika kikundi chetu mama mmoja mchapakazi alipatwa na kiharusi asubuhi moja akiwasha jiko. Pesa ya merigoraundi iliyokuwa inunue mitungi na viti vya kukodisha ikaenda yote kwenye matibabu, na hakuna aliyelalamika, maana ni mwenzetu. Lakini tulirudi nyumbani tukijiuliza: tufanye nini mapema, kabla ya kuchanga pesa za hospitali?

Presha ina sababu nyingi: chumvi, unene, umri, urithi wa ukoo, sigara, pombe, mawazo. Kutembea peke yake hakumalizi yote hayo. Ila ni dawa moja tuliyo nayo tayari, na shida ni kwamba twaimeza nusu. Neno letu la leo ni hili tu: njia twazozienda kila siku zatosha. Kilichopungua ni mwendo.

MWILI NI BAHILI

Mwili wa binadamu ni bahili kama mwenye duka. Hautoi nguvu bila sababu. Kazi ukiizoea, mwili unatafuta namna ya kuifanya kwa gharama ndogo kabisa, halafu unatulia hapo.

Kuna ushahidi wa jambo hili kutoka hapa hapa Kenya. Mwaka 1986 mtaalamu wetu G.M.O. Maloiy na wenzake kutoka ng'ambo walichapisha utafiti juu ya akina mama Wajaluo na Wakikuyu wanaobeba mizigo, wale wa kichwani na wale wa kamba ya paji la uso. Walipima hewa waliyoitumia wakitembea na mzigo na bila mzigo. Wakashangaa. Mzigo hadi moja ya tano ya uzito wa mama mwenyewe haukumwongezea gharama yoyote! Mama wa kilo 60 aliyezoea anabeba kilo 12 kichwani, na moyo wake haujui kama kuna mzigo. Ikizidi hapo ndipo mwili unaanza kulipa.

Ni sifa kubwa kwa mama zetu. Lakini tuisikie kwa sikio la pili. Tunaposema, "Mimi nachota maji kila siku, hayo si mazoezi?" jibu ni kwamba mwili umeshazoea. Mwendo wa pole na ndoo ya lita 10 haumsukumi moyo mama aliyeanza kubeba tangu utotoni. Na mtungi wa lita 20 unasukuma, ndiyo, lakini shingo na uti wa mgongo ndivyo vinavyolipa kwanza. Kwa hiyo msitoke hapa mkasema tumewaambia mbebe zaidi. Hapana. Tumesema mbebe kidogo, na siku msiyobeba kitu, mkaze mwendo.

Moyo ni msuli. Mkono wa mpiga kasia unakuwa mnene kwa sababu kila siku unavuta zaidi kidogo ya unavyopenda. Moyo nao ni hivyo. Ukiupa kazi inayozidi kidogo ile ulioizoea, ukaurudia mara kadhaa kwa wiki, unapata nguvu; unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, na mishipa inalegea. Ukiupa kazi ile ile ya jana na juzi, unabaki pale pale.

DEREVA NA MAKANGA

Mfano mwingine ni wa mabasi, na hapa watu wa matatu watatuelewa. Huko London, daktari Jerry Morris na wenzake walichunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili, wakachapisha matokeo mwaka 1953. Dereva na makanga walikuwa wa basi moja, mji mmoja, hewa moja. Dereva alikaa siku nzima. Makanga alipanda na kushuka ngazi, mamia ya vidato kwa siku, akikusanya nauli. Ikaonekana kwamba makanga walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na hata waliopatwa, hawakufa kwa wingi kama madereva.

Makanga hakwenda uwanjani wala hakununua raba za mbio. Mazoezi yake yalikuwa ndani ya kazi yake. Na alipanda ngazi, kitu kinachomfanya mtu ahemeheme kidogo, kisha akapumzika, kisha akapanda tena.

Huko Japani wakaenda mbele zaidi. Katika mji wa Matsumoto, Profesa Hiroshi Nose na wenzake wa Chuo Kikuu cha Shinshu walichukua watu 246, wastani wa miaka yao 63, yaani rika la babu na bibi zetu. Kundi moja waliachwa walivyo. Kundi la pili waliambiwa watembee mwendo wa wastani bila kubadilisha. Kundi la tatu waliambiwa hivi: dakika tatu kaza mwendo, dakika tatu punguza, kisha kaza tena, mara tano au zaidi, siku nne au zaidi kwa wiki. Baada ya miezi mitano, matokeo yakichapishwa mwaka 2007, kundi la tatu lilikuwa limepata nguvu za mapaja zaidi ya asilimia 10, uwezo wa moyo na mapafu ukapanda kwa asilimia 8 au 9 hivi, na presha ikashuka kuliko ya wenzao. Wale wa mwendo mmoja hawakupata faida hiyo, ingawa nao walitembea.

Mnaona? Miguu ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni zile dakika tatu tatu za kukaza.

"LAKINI HARAKA HARAKA HAINA BARAKA"

Tunajua mtatutolea methali. Haraka haraka haina baraka. Polepole ndio mwendo. Mwenda pole hajikwai. Wazee wetu hawakukosea. Walikuwa wanatuonya tusikurupuke katika shauri, katika ndoa, katika biashara. Lakini ni wazee hao hao waliosema haba na haba hujaza kibaba. Basi hii ni haba na haba ya dakika tatu.

Na tuseme jingine wazi. Mwendo wa pole si dhambi. Ni bora mara mia kuliko kukaa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 lilisema kila kujongea kuna faida yake, na likaondoa sharti la zamani kwamba lazima uende dakika 10 mfululizo ndipo zihesabiwe. Mtu mzima anashauriwa apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, na siku mbili au zaidi za kazi inayotia misuli nguvu. Ukigawanya, 150 ni kama nusu saa kwa siku tano. Wengi wetu twatembea zaidi ya hapo. Tatizo ni kwamba mwendo wetu mara nyingi haufiki hata huo wa wastani. Twajikokota, twasalimiana, twasimama kuangalia mitumba.

UTAJUAJE KAMA MWENDO UNATOSHA?

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Kinahitaji wimbo, na wanakwaya mko hapa.

Ukitembea na unaweza kuimba ubeti mzima bila shida, huo ni mwendo wa pole. Ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini kuimba kunakushinda, hapo ni mwendo wa wastani, unaoanza kujenga mwili. Ukiwa unaweza kusema maneno matatu manne tu kisha lazima uvute pumzi, huo ni mwendo mkali. Ukishindwa hata kusema jina lako, umezidisha, punguza.

Katika zile dakika tatu za kukaza, mtafute pale ambapo wimbo umekatika lakini mazungumzo mafupi yapo. Waliozoea wanaweza kusogea mpaka kwenye maneno matatu manne.

Kipimo cha pili ni hatua. Hesabu hatua zako kwa sekunde 15. Siku hizi kila simu ina saa. Zikiwa 25, unakwenda hatua 100 kwa dakika, na hapo ndipo mwendo wa wastani unapoanza. Zikiwa 30, uko vizuri. Zikifika 33 hivi, huo ni mwendo mkali kwa wengi wetu.

Na dakika tatu utazijuaje bila kushika simu njiani, maana wenye kupora simu nao wanatembea? Zipo njia. Fungu moja la Rozari, Salamu Maria kumi, ukilisali moyoni bila kuharakisha ni kama dakika tatu. Makumi matano: unakaza fungu moja, unapunguza fungu moja. Asiyesali Rozari ahesabu nguzo za stima. Siku ya kwanza pima kwa saa: dakika tatu zakupitisha nguzo ngapi? Baada ya hapo nguzo zenyewe ndizo saa yako.

Namna ya kutembea ni hivi. Kichwa juu, macho mbele, si kutazama vidole. Mabega yalegee. Viwiko vikunjwe na mikono ipige mbele na nyuma. Mikono ikienda haraka, miguu hufuata. Usirefushe hatua kama anayeruka mtaro. Zifanye ziwe nyingi, fupi na nyepesi. Tangulia na kisigino. Ukiwa na kikapu, gawa mzigo mikono miwili.

NJIA ZETU TATU

Sasa tushuke kwenye njia zenyewe.

Watu wa Likoni. Desturi yetu twaijua. Kutoka nyumbani mpaka feri twakwenda mwendo wa bibi harusi. Tukisikia feri inataka kuondoka, ndipo twatimka mbio kuteremka ile telemko, watoto na mizigo, tukisukumana. Huo si mwendo wa afya, ni wa hatari. Na sisi ambao tungali tunawakumbuka ndugu zetu waliozama na feri ya Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994 hatuhitaji kufundishwa kuogopa msongamano wa kivukoni. Ushauri wetu ni kugeuza mambo: toka nyumbani mapema kidogo, kaza mwendo njiani penye nafasi, kisha ukifika kwenye telemko punguza, nenda na watu, subiri. Feri ndiyo mapumziko yako. Ukishavuka na umati ukapungua, kaza tena ukipanda kuelekea mjini. Mwaka 2021, lile daraja la kuelea la watembeao kwa miguu kati ya Liwatoni na Ras Bofu lilipokuwa likitumika, wengi wetu tuligundua jinsi pumzi zetu zilivyo fupi. Hebu tusisubiri daraja lingine litukumbushe.

Walio karibu na Shelly Beach wana zawadi nyingine: mchanga. Kutembea kwenye mchanga mwororo hutumia nguvu mara mbili au zaidi ya barabara ngumu. Anzeni na mchanga uliolowa maji yakitoka, kisha dakika moja moja kwenye mchanga mkavu. Angalieni chupa zilizovunjika na miiba ya urumba.

Watu wa Kisauni. Njia za ndani zina mchanga na mashimo, na barabara kuu ina tuktuk na bodaboda za kila upande. Lakini mna daraja la Nyali, hili la mwaka 1980, lenye njia ya miguu na mwinuko wake. Mwinuko ni ngazi za yule makanga wa London. Anayevuka daraja hilo kila siku kwenda kazini, akikaza wakati wa kupanda na kupumzika wakati wa kushuka, ameshapata sehemu mbili za kukaza kwa siku, kwenda na kurudi. Akina mama wanaokwenda soko la Kongowea alfajiri: kazeni wakati wa kwenda, vikapu vikiwa vitupu. Wakati wa kurudi na mzigo, mwendo wa kawaida watosha.

Watu wa Changamwe. Nyinyi mna kilima. Anayetoka mjini kwa miguu akavuka daraja la Makupa, hili jipya lililofunguliwa mwaka 2022, akapita Kibarani, anajua Changamwe iko juu. Siku za mgomo wa matatu twaona nani ana pumzi na nani hana. Taabu yenu ni malori ya makontena, vumbi na moshi. Moshi huo ni adui wa moyo na mapafu, na ukihema sana unauvuta zaidi. Kwa hiyo msikaze mwendo kando ya msururu wa malori. Tumieni njia za ndani za Chaani, Magongo na Mikindani, au mtoke mapema malori hayajajipanga.

Na kwa wote: pasipo na njia ya miguu, tembeeni upande wa kulia ili gari linaloujia upande wenu mlione usoni. Giza likiingia, vaeni nguo nyeupe au leso ya rangi ya kung'aa.

TULIYOYASIKIA KUTOKA VIKUNDINI

"Sina wakati." Ndugu, huu mwendo unakuongezea wakati. Njia ya nusu saa utaimaliza kwa dakika 25.

"Sina viatu." Ndara za kuteleza hazifai kukazia mwendo, ni kweli. Lakini akala yenye mkanda wa nyuma yafaa, na raba za mitumba za Kongowea zafaa, bora zisibane. Kikundi kinaweza kuweka raba katika mzunguko wa merigoraundi kama kilivyoweka sufuria.

"Watu watanicheka." Watauliza, "Wapi mbio, mama?" Jibuni, "Naenda mbali," maana ni kweli, mwataka kufika uzeeni. Mkienda wawili watatu kicheko hupungua. Buibui na leso si kizuizi. Fungeni vizuri, acheni nafasi ya hatua.

"Jua." Pwani yetu ina joto, na Februari na Machi ndiyo miezi mikali. Fanyeni kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Kunyweni maji kabla ya kutoka. Walio katika mfungo wa Ramadhani waache kukaza mwendo mchana. Waufanye karibu na kufuturu au baadaye.

"Nina njaa." Hili hatulipiti haraka. Asiyekula tangu jana hatumwambii akaze mwendo; twamwambia kikundi kijue hali yake. Na hatusemi umaskini ni mazoezi. Anayetembea kutoka Miritini kwa sababu hana nauli anadai mshahara wa haki, na haki hiyo ibaki midomoni mwetu. Twasema tu kwamba wakati tukiidai, njia ile tunayolazimika kuienda isitule bure.

NANI AANZE KWA UANGALIFU

Mwenye presha ya juu sana, mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye kifua kinachobana akitembea, na mwenye selimundu: waende kliniki kwanza waulize, wakianza waanze pole. Dawa zisiachwe ati kwa sababu mtu ameanza kutembea. Mwenye sukari akague nyayo zake kila jioni, maana kidonda kidogo kwake ni jambo kubwa. Na anayetumia sindano za insulini abebe kitu kitamu mfukoni. Mama mjamzito mwenye afya aendelee na mwendo wa mazungumzo, asitafute kutweta.

Kifua kikibana, mkono au taya likiuma, kizunguzungu kikija, au pumzi ikikataa kurudi: simama, keti kivulini, ita mwenzako, nenda hospitali. Usijikaze kiume.

MPANGO WA WIKI 12

Twapendekeza kila kikundi kijaribu kwa wiki 12, kisha tukutane tuhesabu.

1. Siku ya kwanza wote wapimwe presha. Ombeni mhudumu wa afya wa kijiji au zahanati iliyo karibu.

2. Siku hiyo hiyo fanyeni mtihani wa dakika sita. Uwanja wa shule watosha. Kila mtu atembee haraka awezavyo bila kukimbia kwa dakika sita, na umbali alioufikia upimwe. Katibu aandike katika daftari.

3. Wiki ya kwanza na ya pili: katika njia yako ya kila siku, kaza dakika moja, punguza dakika tatu, mara tano. Siku nne kwa wiki.

4. Wiki ya tatu na ya nne: kaza dakika mbili, punguza tatu, mara tano.

5. Wiki ya tano hadi ya kumi na mbili: kaza dakika tatu, punguza tatu, mara tano. Ukikosa nafasi ya zote asubuhi, gawa: tatu kwenda, mbili kurudi.

6. Mara mbili kwa wiki, nyumbani, keti kwenye kiti na kusimama bila kushika kitu, mara kumi, kisha rudia. Hiyo ni kwa nguvu za mapaja, na ndiyo itakayomsaidia bibi asianguke msalani.

7. Mwisho wa wiki 12, rudieni kipimo cha presha na mtihani wa dakika sita. Msishindane mtu na mtu. Kila mmoja ashindane na jina lake mwenyewe daftarini.

Na mkiwa njiani pamoja, andikeni pia mnachokiona: mtaro uliozibwa, mahali pasipo na taa, njia ya miguu iliyogeuzwa kituo cha bodaboda. Kikundi chenye orodha kinaweza kwenda kwa chifu au kwa mwakilishi wa wadi na kuzungumza kwa kutaja mahali, si kwa manung'uniko tu.

NENO LA MWISHO

Katika Injili ya Luka, sura ya 24, mwakumbuka wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau, mwendo wa kilomita kama 11 kutoka Yerusalemu. Wakati wa kwenda walikuwa na huzuni, wakizungumza, wakisimama njiani na nyuso zimekunjamana. Kisha wakamtambua Bwana katika kuumega mkate, na saa ile ile, usiku umeingia, wakaondoka kurudi. Hakuna aliyewajengea barabara mpya kati ya kwenda na kurudi. Njia ni ile ile. Waliobadilika ni wao.

Kesho asubuhi kila mmoja wetu ataipita njia yake ile ile, ya ferini, ya Kongowea, ya Kibarani. Twaomba kitu kimoja tu. Chagua nguzo moja ya stima, na kutoka hapo mpaka nguzo ya tatu, kaza mwendo. Kesho kutwa iwe ya nne.



Maswali ya kuzungumzia kikundini:

1. Ni wangapi katika kikundi chetu hawajawahi kupimwa presha? Tutapimwa lini na wapi?

2. Katika njia tunazozipita kila siku, ni sehemu gani salama kukaza mwendo, na ni ipi si salama?

3. Ni nani kati yetu asiyeweza kutembea kwa haraka kwa sababu ya ugonjwa, njaa au ukosefu wa viatu? Kikundi kitamsaidiaje?

4. Ni jambo gani moja kuhusu njia zetu tutakalolipeleka kwa viongozi, na nani atalipeleka?